Bao Lililoapiwa

Jina la timu yao silitaji. Nililitoa kinywani mwangu zamani, na uzee huu si wakati wa kulirudisha. Nitasema "wao" tu, na mtu yeyote wa Bagamoyo atajua nawasema akina nani. Ni wale wa mitaa ya chini, upande wa forodhani, wenye jezi za manjano na midomo mirefu. Sisi ni wa mitaa ya juu. Jezi zetu ni nyeupe, na aliyezichagua hakuwa mjinga, maana anayevaa nyeupe hana budi kujua kufua.

Masika ya mwaka huu yanakaribia kwisha. Uwanja bado una madimbwi, lakini vijana wamekwisha kuanza kufyeka nyasi, na jioni nikirudi kutoka shamba nasikia mpira unapigwa. Sauti ile mpaka leo hunisimamisha njiani. Wazee wenzangu huniuliza kwa kejeli kama bado nina tumaini. Ninalo. Natumaini tutawafunga, tena tuwafunge vibaya, mpaka wake zao waone haya kwenda kisimani. Msimu huu timu mbili hizi zitakutana tena uwanjani, jambo ambalo halijatokea tangu kabla ya vita. Kuna vijana wanaosema hata kukutana hakufai, eti mji mdogo kama huu timu mbili za nini, tuziunganishe iwe moja ikapambane na timu za Dar es Salaam, ambazo kila zikija hutufunga halafu hula biriani letu. Nawaambia waziwazi, mkitaka nivae manjano, nivisheni sanda kwanza. Wanasema hivyo kwa sababu hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Kabla ya mpira palikuwa na ngoma. Baba zetu walishindana kwa ngoma, mitaa ya juu na mitaa ya chini, kila upande una sare zake na vyeo vyake vya kujipachika. Walitungiana nyimbo za matusi, walishindana kuchinja ng'ombe, wakikutana njiani walipigana vikumbo. Mpira ulipofika, tuliuchukua tukautia katika ugomvi uliokuwapo tayari. Hakuna mtu aliyechagua timu. Ulizaliwa nayo, kama unavyozaliwa na shangazi. Mimi nilijua kuwachukia kabla sijajua sheria ya kuotea.

Uwanja wetu wakati ule ulikuwa mchanga mtupu, upande mmoja minazi. Milingoti ya goli ilikuwa boriti za mikoko, na juu, badala ya mti, ilifungwa kamba ya usumba wa nazi. Nyavu zilikuwa za kuvulia samaki tu. Hakuna aliyefikiri kuzifunga golini. Watu walisogea mpaka kwenye milingoti yenyewe, wengine wameikumbatia, kwa hiyo mpira ukipita ulipotelea kwenye matumbo ya watu na kila upande ukasema lake. Mimi ni mkwezi wa minazi. Nimezoea kupiga kelele kutoka juu ili watu wapishe nazi zisiwaue, na sauti hiyo niliitumia uwanjani bila ubahili. Waamuzi kadhaa waliwahi kuomba niondolewe. Hakuna aliyethubutu kuniondoa.

Golikipa wetu alikuwa kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa seremala, mtu wa mikono mipana na maneno machache, kinyume changu kabisa. Aliswali swala tano msikitini. Alipozungumza, jambo lilikuwa limekwisha. Katika mji huu uliojaa waongo, watu walimwita yeye kuamua mpaka wa shamba na shamba, hata wao walimwita, na alipoonyesha kwa kidole kwamba mpaka unapita hapa, hapakuwa na mtu wa kubisha. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yetu, na hilo nalisema bila haya.

Sentafowadi wao alikuwa mchinjaji, mwenye bucha pekee ya maana katika mji. Shingo nene, teke zito, na mdomo mkali kuliko teke. Tena, kwa bahati mbaya yetu, alikuwa mtani. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Ana ruhusa ya kunitukana mbele ya mama yangu, kuninyang'anya kofia njiani, kuingia jikoni kwangu na kula wali bila kualikwa, nami sina ruhusa ya kukasirika. Na mimi kwake vilevile. Msibani ndipo utani unapokuwa wajibu hasa. Mtani huja kumwigiza marehemu, kuzuia jeneza, kujilaza kaburini, mpaka apewe kitu ndipo apishe. Watu wanacheka huku wanalia. Msiba usio na mtani kwetu huonekana umepwaya.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na sisi tulihitaji sare tu tuchukue kombe. Kipindi cha pili kilikuwa kinamalizika, hakuna aliyemfunga mwenzake. Kusi ilikuwa inavuma na mchanga unaruka. Mchinjaji akaupata mpira, akamwacha beki wetu amekaa chini, akapiga. Nilisikia teke. Niliona wingu la mchanga, nikaona kaka yangu ameruka, nikaona watu wa nyuma ya goli wanaangukiana. Wao wakapiga mayowe ya bao. Sisi tukapiga mayowe ya kukataa. Mpira uliokotwa nyuma ya umati, na hilo halikuthibitisha kitu.

Refa alikuwa karani wa Boma, mtu wa bara, mpole na mwoga. Alikuwa bado mbali, anakimbia. Manjano na nyeupe wakamzunguka wakamvuta shati. Akasema hakuona. Refa mwenye akili angesema ni bao au si bao, akapigwa na upande mmoja, mambo yakaisha siku hiyohiyo. Yule alikuwa amekaa pwani muda wa kutosha kutujua nusu tu. Akasema, "Muulizeni golikipa. Nasikia huyu hasemi uongo."

Mchinjaji akadakia papo hapo. "Na aape! Si kwa mdomo mtupu, hapana. Uletwe msahafu!"

Alidhani amemkamata. Kwetu hata mtu mwenye haki huogopa kula yamini, huona afadhali aache haki yake ipotee. Mechi ikasimama. Mtu akaenda msikitini, akarudi na msahafu umefungwa katika kitambaa. Kaka yangu akaenda kisimani pembeni mwa uwanja akatawadha, taratibu, kiungo kwa kiungo, watu wote wakimtazama. Nilikuwa nimeingia uwanja ule maisha yangu yote, na siku ile ndiyo ya kwanza kusikia mawimbi kutoka pale. Akarudi, akaweka mkono, akasema, "Wallahi, halikuingia."

Refa akapuliza filimbi. Kombe likawa letu. Tulimbeba kaka yangu mpaka nyumbani, mguu wake wa kushoto uko begani kwangu, nami napiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yeye hakusema kitu njia nzima. Nilidhani ni haya zake.

Wao, walioutaka msahafu wenyewe, wakashindwa kumeza. Haikufika wiki, kila baraza ya mitaa ya chini ilikuwa inasema kaka yangu amekula yamini ya uongo. Mtu wa kwetu unaweza kumwita mwizi leo na kesho mkanywa kahawa pamoja. Ukisema ameapa uongo kwa msahafu, umemnyima ushahidi, umemnyima swala, umemfanya si mtu. Wazee wetu walikwenda kuwataka wafute kauli. Wakakataa, mchinjaji akiwa mbele. Wazee wakasema basi msije kwenye maziko yetu. Wakajibiwa, nanyi msije kwetu. Tukasusiana.

Wanaosikia habari hii sasa hudhani ni mzaha. Acha niwaambie ulivyokuwa mzaha huo. Masufuria makubwa ya shughuli, yaliyokuwa ya mji mzima, yaligawanywa. Wao wakachukua masufuria, sisi tukabaki na mifuniko na miiko. Nyama hatukuuziwa, au tuliuziwa mifupa. Tulikula samaki na kunde, na tukiwa na harusi tulituma mtu mpaka Makurunge kutafuta mbuzi, mbuzi akafika amekonda kwa safari. Dada zetu walioolewa chini walikatazwa kuja kuwalilia mama zao. Walilia huko huko, kwenye nyumba za waume zao. Mpira wenyewe ukafa. Kila upande ulikwenda kucheza na watu wa Mkange au Saadani, mechi zisizo na chumvi, unashinda na hakuna wa kumwonyesha.

Miaka ya vita nguo zilipokuwa adimu, mmoja wao alikuwa na duka, na bafta, kitambaa cha sanda, alikuwa nayo. Alifariki bibi mmoja wa kwetu, tukaenda kutaka sanda, akatuambia imekwisha. Tulimwona anaikalia. Bibi yule tulimzika katika vipande vya shuka kuukuu vilivyoungwaunga. Hilo sijalisahau na sikusudii kulisahau. Sisi nasi tulikuwa na jeneza la msikiti, kwa hiyo wao walibeba maiti zao kwa vitanda vya kamba. Siku moja kamba zilikatika njiani. Nilicheka, na nikikumbuka sasa hivi bado nacheka.

Kaka yangu hakudaka tena. Msimu uliofuata alisema mgongo unamsumbua. Akaacha kwenda kuamua mipaka ya mashamba. Wakija kumwita, alisema watafuteni wengine. Akawa anafunga mara kwa mara, na mkewe akidhani ni sunna akamwandalia futari bila kuuliza. Nilimwona anavyopungua, nikasema ni matusi yao yamemvunja. Kila alipopungua, nilizidi kuwachukia. Ilikuwa chuki safi, naikumbuka vizuri, niliamka nayo na kulala nayo na haikunichosha.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, akalala kitandani kwa maradhi ya kifua. Alasiri moja nilikwenda kumtazama, akamtoa mkewe chumbani.

"Mdogo wangu," akasema, "funga mlango."

Nikafunga.

"Lile bao."

"Bao gani, kaka?" Nilijua bao gani. Mji huu una bao moja tu.

"Sikuuona ule mpira. Alipopiga, mchanga ulinijaa usoni, nikafumba macho. Nilipofumbua, watu walikuwa wamekwisha kuanza kupiga kelele."

"Kwa hiyo liliingia?"

"Hunisikii. Sijui. Labda liliingia, labda lilipita nje. Niliapia nisichokijua."

"Kwa nini, kaka? Kwa nini hukusema hukuona?"

Akanitazama. "Mlikuwa mnanitazama nyote. Wewe ulikuwa unanitazama."

Kisha akasema yale aliyotaka niyasikie. Amekwisha kufunga siku za kafara, na nyingine nyingi juu yake. Hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini watu wameacha kuzikana kwa neno lake, na kufunga kwake hakuwarudishii kitu. Hakuwa na ujasiri wa kulisema akiwa hai. Hataki kutiwa kaburini nalo. "Waambie wote," akasema, "wetu na wao. Kabla hamjanifukia." Akanishika kifundo cha mkono kwa mkono ule mpana, ambao sasa ulikuwa mifupa mitupu. "Niahidi."

Nikasema, "Inshallah." Na sisi watu wa pwani tunajua jinsi tunavyoitamka inshallah tunapokuwa hatutaki.

Nilitoka mle nimekasirika kuliko siku ya bao lenyewe. Nilimkasirikia yeye. Miaka yote ile alikuwa na ulimi wake, hakuutumia, halafu ananipa mimi kazi ya kwenda kuwafurahisha watu walioketi juu ya sanda. Nikajiambia sitasema. Mungu ni mwingi wa rehema, hahitaji msaada wa mchinjaji. Maiti ikishafukiwa, neno limefukiwa nalo.

Akafariki. Tukamwosha, tukamvisha sanda, tukamswalia baada ya adhuhuri. Tulikwenda makaburini sisi wa juu peke yetu, kama desturi yetu ilivyokwisha kuwa, na nililibeba jeneza mbele kabisa ili nisitazamane na mtu. Tulipofika, waliokuwa mbele wakasimama ghafla.

Kaburini mlikuwa na mtu.

Mchinjaji alikuwa amelala chali ndani ya kaburi la kaka yangu, kanzu nyeupe, mikono juu ya kifua, macho ameyafumba. Nywele zake zimekwisha kuwa mvi. Na nje ya ua wa makaburi walikuwa wamesimama wao, wengi, wanaume wa mitaa ya chini, hawaingii, hawaondoki. Mji mzima ulikuwa umesusa, lakini utani haususwi, na hilo hatukuwa tumelifikiria.

"Toka humo," nikamwambia.

"Mtani hafukuzwi," akajibu bila kufumbua macho. "Kaburi zuri hili. Sikujua watu wa juu mnajua kuchimba. Nimelipenda. Marehemu mtafutieni jingine."

Mtu wa kwetu akacheka, akajiziba mdomo. Nikatoa senti mfukoni, nikamtupia kifuani, ndivyo inavyotakiwa.

"Senti zenu kaeni nazo," akasema. "Mtanunulia masufuria."

Hapo walicheka wa pande zote mbili, na kicheko kile kiliniudhi kuliko maneno. Mwalimu aliyetuswalisha akasema, "Astaghfirullahi. Maiti hangojeshwi, jamani. Mpeni mtani haki yake atoke."

"Haki yangu ni neno moja," mchinjaji akasema. Sasa alifumbua macho, akanitazama mimi, si mwingine. "Mseme liliingia. Mkisema, natoka."

Kicheko kikakatika. Vijana wetu wakasogea wamvute, wazee wakawazuia. Mtani aliye kaburini haguswi. Ukimgusa umevunja utani wa mababu, na hakuna aliyetaka kuibeba lawama hiyo. Nilikuwa nimesimama ukingoni. Jembe lilikuwa karibu na mkono wangu, na sitadanganya, niliuona udongo nikamwona yeye, nikapima. Ningeweza kusema halikuingia. Watu wangu wangenishangilia, tungekaa pale mpaka magharibi. Ningeweza kusema liliingia, akatoka, nami nikawa nimeongeza uongo juu ya uongo. Na nyuma yangu alikuwa kaka yangu ndani ya jeneza, anangoja, mtu ambaye maisha yake yote hakumngojesha mtu. Kifundo cha mkono wangu kiliuma pale alipokishika.

Nikasema kwa ile sauti yangu ya mnazini, wasikie mpaka waliokuwa nje ya ua.

"Marehemu hakuona! Alifumba macho, mchanga ulimwingia. Aliniambia mwenyewe, na aliniagiza niwaambie. Aliapia asichokijua. Anawaomba radhi nyote, wa juu na wa chini." Pumzi ikaniishia, nikaivuta tena. "Yeye anaomba. Mimi siombi kitu."

Upande wetu mtu mmoja akatema mate. Nje ya ua kijana wa manjano akaanza kupiga kelele za ushindi, na kutoka kaburini ikatoka sauti, "Nyamaza, mpumbavu wewe!" Mchinjaji akakaa kitako. Mchanga ulikuwa umemjaa kwenye mvi. Akautazama ukuta wa kaburi mbele yake.

"Hata mimi sikuona," akasema.

Mwalimu akamwambia aseme wazi.

"Nilipopiga niliteleza. Nilianguka kifudifudi, nikala mchanga. Nikasikia watu wangu wanashangilia, nikainuka nikashangilia nao." Kisha akainua mikono kuelekea kwetu. "Mleteni."

Yeye alikuwa ndani tayari, kwa hiyo yeye ndiye aliyempokea mabegani. Mimi nilishuka nikashika miguu. Tulikuwa wawili tu mle, tumebanana, naye ananuka nyama kama siku zote. Tukamlaza katika mwanandani. Mchinjaji akafungua vifundo vya sanda na kumwelekeza uso kibla, taratibu, kwa mikono yake ile ya kuchinjia, na alipomaliza akauacha mkono begani kwa marehemu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tulipotoka, wale wa nje walikuwa wamekwisha kuingia. Udongo ulikwenda haraka kwa wingi wa mikono.

Sasa watu wanaihadithia siku ile kama kwamba tulitoka makaburini tumegeuka malaika. Si kweli. Masufuria yalirudi, mawili yametoboka. Nyama nauziwa, bado naona mifupa ni mingi. Kaka yangu aliomba radhi kwa sababu alikuwa na la kuombea, nami namwombea Mungu ampokee. Lakini bibi yule alizikwa katika vipande, na mwenye duka hajaniambia neno mpaka leo. Akipita hapa simwitikii salamu. Hawa wanaotaka kuunganisha timu wanafikiri sisi tuligombana kwa sababu ya mpira. Mpira haukuwa na kosa lolote.

Mchinjaji huja barazani kwangu karibu kila jioni. Hachinji tena, miguu imemvimba, na yale mabega aliyokuwa akitusukumia nayo yameyeyuka. Huninyang'anya kofia, hunywa kahawa yangu, hunieleza jinsi golikipa wetu mpya alivyo na mikono ya siagi. Nami humweleza sura za mabeki wao. Tunatukanana mpaka adhana ya magharibi. Juzi alikohoa hata nikamshika mgongo, nikamwambia, "Usithubutu kufa kabla ya mechi."

Akafuta mdomo. "Nikifa, mtani, ni zamu yako. Utakuja kujilaza kaburini mwangu. Utadai nini?"

"Nitadai nyama isiyo na mifupa."

Alicheka sana, akaniachia kofia yangu, akajikongoja kwenda kwake. Mimi nilibaki pale nikilifikiri swali lake, maana ni kweli, wajibu ni wangu, na watu watakuwa wamesimama wananingoja niseme. Miaka yote ile nilikuwa na cha kudai kutoka kwake. Nilikuwa nacho tele. Kaka yangu akakiondoa nusu, mchinjaji mwenyewe akaondoa nusu iliyobaki, pale pale kaburini, na sasa nikijilaza mle nitakuwa mzee mtupu anayelilia mtu.

Ndiyo maana nautaka msimu huu kuliko msimu wowote nilioupata. Nataka tucheze nao, nataka watuonee mchana kweupe, watuotee, watupige ngwala, refa awapendelee. Nataka ugomvi mpya, na nautaka upatikane mtani wangu akiwa hai.